Mdau wa lifti: hofu yangu ya maji ilivyoondoka nikiwa Uholanzi (sio kwa kukemea)

Mbukwenyi wandugu. Mkuu umesema uko Dubai, kazi ghorofa za juu huko, lifti unaiogopa tangu utoto, na mchungaji wa nyumbani kakwambia kwenye simu kwamba hofu ni roho chafu, ukiendelea kuogopa basi imani yako ndogo. Unauliza kama kuna mtu kweli ameshinda hofu kwa imani au ni maneno ya madhabahuni tu. Yupo, ni mimi, ila haikwenda kama wanavyohubiri ndo maana naandika ndefu, mnivumilie.

Mi mtoto wa Mpwapwa, Dodoma, Mgogo kabisa. Mito ya kwetu mingi ni ya mchanga, karibu mwaka mzima unaikanyaga na viatu, ukitaka maji unachimba kishimo mchangani unachota taratibu. Watu wa pwani huwa wanacheka, eti Mgogo anaogopa maji, ameyaona wapi? Tumeyaona bana. Mvua yetu ni chache lakini inakuja kwa mkupuo. Kipindi cha El Niño, 1997 kuingia 1998, tulikuwa korongoni na dada yangu tunachota, jua linawaka, kwetu hakuna hata tone, kumbe juu milimani Kiboriani kumenyesha. Tukasikia mngurumo kama treni ya mizigo, dada akanikamata shati akanivuta hadi ukingoni, kugeuka hivi maji ya matope yameshafika na magogo yake, punda wa jirani kabebwa na madumu mgongoni. Yale madumu ya njano tulikuwa hatujayajaza, kwa hiyo yakawa yanaibuka, yanazama, yanaibuka tena mbele kule. Punda mwenyewe hatukumwona. Tangu hapo maji yanayotembea mi siyawezi.

Cha kuchekesha nikaja kuajiriwa kwenye maji. Ila ni visima virefu, na Dom (Dodoma) mjini maji mengi yanatoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, yako chini ya ardhi yanaingia kwenye bomba, huyaoni, maisha yanaenda. Shida ikaanza nilipopata nafasi ya kusoma IHE pale Delft, watu wa sekta ya maji chuo hicho wanakijua.

Wandugu, Delft ni mifereji kila kona, na karibu robo ya nchi ya Uholanzi iko chini ya usawa wa bahari. Sehemu nyingi mfereji uko pembeni ya njia, hakuna ukuta wala chuma cha kushika, wenyeji wanapita na baiskeli huku wanatafuna mkate. Mi baiskeli naikokota kwa mkono, nimejibana upande wa nyumba. Darasa likienda ziara kuangalia kuta za kuzuia bahari mi tumbo linauma, na kweli lilikuwa linauma.

Nikaomba, nikafunga, nikapiga simu nyumbani wakakemea wakaniwekea loudspeaker kanisa zima, nikalia, nikalala vizuri, asubuhi mfereji uko palepale na mi niko palepale. Ile 2 Timotheo 1:7, kwamba Mungu hakutupa roho ya woga, nimetwangwa nayo mpaka nikaanza kuficha kwamba bado naogopa, na hapo ndo nawalaumu watumishi wetu, mtu akishaanza kuficha hofu yake kanisani mnamsaidiaje sasa?

Kanisa nililokuwa nasali kule kulikuwa na bibi mmoja mzaliwa wa Zeeland, mkoa wao wa pwani. Siku moja kwenye chai baada ya ibada akanisimulia yale mafuriko ya Februari 1953, yaliua watu zaidi ya 1,800 nchini kwao, yeye alikuwa mtoto, walikaa juu ya paa na wazazi wake. Nikamuuliza Mungu alimtoa hofu lini. Akasema hajaitoa, kila wiki anaenda kuogelea na anasali akiwa humohumo ndani ya maji. Afu akaniuliza, wewe unasalia wapi? Nikakosa jibu, maana mi nilikuwa nasalia chumbani, mlango umefungwa, maji yako mbali.

Yeye ndo alinipeleka kwenye darasa la kuogelea la watu wazima. Tulikuwa wageni watupu, Waeritrea, Wasyria, na kina mama wamevaa nguo zimefunika mpaka kifundoni, mwalimu binti mdogo tu. Harufu ya klorini ndo kitu pekee nilichokifahamu mle ndani. Akaniambia lala chali, ameniwekea kiganja chini ya kisogo, masikio yakaingia majini sauti zote zikakatika, na mngurumo wa korongo ukarudi uleule. Kiswahili kikaisha, nikaomba Kigogo, kwa sauti, kumbe nilikuwa napiga kelele bwawa zima linasikia. Mwalimu hakutoa mkono.

Kitu kimoja nilikuja kukiona baadaye kwa Petro. Watu wanamsema alipotembea juu ya maji alizama kwa kukosa imani, lakini yule alikuwa mvuvi, na Yohana 21 alijitupa baharini kumfuata Yesu ufukweni, kwa hiyo kuogelea alikuwa anajua. Na bado aliogopa, na bado alishikwa mkono. Hakuambiwa atulie kwanza ndo ashikwe.

Basi nikaendelea hivyo, naogopa huku naingia, mpaka nikapata diploma yao ya kuogelea, ile ya A, ile wanakuogelesha na nguo na viatu, maana anayeanguka mferejini hajavaa kaptula ya kuogelea.

Kwa hiyo mkuu, maombi usiache, ila kasalie ndani ya lifti. Anza na ghorofa moja, nenda na mtu asiyekucheka, ukitoka jasho sali hivyohivyo na jasho lako, ukishindwa shuka kwa ngazi kesho urudi. Na kama moyo unakimbia mpaka unakosa pumzi muone daktari, hilo halipunguzi wokovu wako.

Mi nimesharudi Dom. Bwawa naingia, daraja napita. Ila korongo likishuka masika na dereva anataka kulikatiza na abiria ndani, mi nashuka na begi langu, anicheke anavyotaka. Hiyo hofu sijawahi kumuomba Mungu aitoe na sina mpango.