Ada ya Kambi Imepatikana, Lakini Cheti cha Kuzaliwa Kiko Wapi?

Juma lililopita mama mmoja wa Nakuru aliniandikia akitaka kujua kama amruhusu binti yake mwenye umri wa miaka 13 aende kambi ya maskauti likizo ya Agosti. "Mwalimu," aliandika, "ada nimeshaipata, lakini naogopa baridi, naogopa msitu, na sijui kambi hiyo itamfikisha wapi." Nilikusudia kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta nimejaza kurasa nne, kwa sababu swali lake la mwisho nimeishi nalo tangu ujana wangu.

Kambi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa Rowallan, pembezoni mwa msitu wa Barabara ya Ngong jijini Nairobi, jirani na Kibera. Tulitoka Nyahururu tukiwa wavulana wanane wa kikosi kimoja, na ingawa sisi ni watu wa baridi, Agosti ya Nairobi ilitukuta na blanketi mojamoja, jembamba, kwenye hema lililowekwa juu ya nyasi zenye umande. Usiku ule sikulala. Alfajiri tulipewa sufuria, unga na rundo la kuni zilizolowa manyunyu, tukapuliza moto kwa zamu hadi macho yakavimba, na uji haukuchemka. Ndipo kiongozi mmoja alipochukua gogo nene kuliko yote, akalipasua kwa shoka, kisha akatushikisha kiini chake kwa vidole: kilikuwa kikavu na cheupe, ilhali ganda lake lilikuwa likichuruzika maji. Alikichonga kwa kisu vipande vyembamba kama njiti, akavisimamisha vikiegemeana, akawasha kwa kiberiti mara moja tu. Tulikunywa uji saa tatu, wenye moshi na mabonge, nami sijapata kuusahau utamu wake.

Mwaka 2007 uskauti ulitimiza miaka 100 tangu mwanzilishi wake, Mwingereza Baden-Powell, apige kambi na wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, na Jamborii ya Dunia, kambi kubwa ya maskauti wa nchi mbalimbali, ikafanyika Uingereza, katika bustani ya Hylands karibu na Chelmsford. Jamborii huwapokea vijana wa miaka 14 hadi 17, nami nilikuwa na miaka 16. Nilikuwa nimefuzu majaribio yote niliyopewa, na kulikuwa na mfadhili aliyekuwa tayari kunilipia. Lakini fomu ilikaa kwa majuma mengi ndani ya droo ya mtu mzima aliyepaswa kutusomea tangazo hilo gwarideni, na nilipoipata hatimaye, ilitaka nambari ya pasipoti. Pasipoti inataka cheti cha kuzaliwa. Mimi nilizaliwa nyumbani, mikononi mwa nyanya yangu, na hakuna aliyewahi kwenda kunisajili. Mama aliacha meza yake ya mboga sokoni siku nne mfululizo, akienda kwa chifu, akirudi, akienda tena. Cheti kilitoka Oktoba. Kambi ya Uingereza ilikuwa imevunjwa tangu tarehe 8 Agosti. Nasema bila kuficha kwamba jambo hilo bado linaniuma, na mtu yule hajawahi kuniomba radhi.

Miaka mitatu baadaye dunia ilikuja kwetu. Mkutano wa dunia wa maskauti vijana, ule unaoitwa Muti, ulifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, tena Rowallan, kuanzia tarehe 27 Julai hadi 7 Agosti 2010. Nilikuwa na miaka 19, nimeshakuwa Jasiri, yaani skauti wa daraja la vijana wakubwa, na safari hii karatasi zangu zote zilikuwa ndani ya bahasha moja ya kaki. Nilijitolea kufanya kazi, nikapangiwa kuni na maji. Asubuhi moja nilimkuta kijana kutoka Ulaya akihangaika na kuni zilizolowa, nikapasua gogo, nikamshikisha kiini. Alinipa mkono wa kushoto, kama tusalimianavyo maskauti duniani kote, na hadi leo tunaandikiana.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, usiidharau kambi ya karibu ukisubiri ile ya ng'ambo. Jamborii ijayo ni mwaka 2027 nchini Poland, na Kandersteg huko Uswisi, kituo cha maskauti kilichoanza mwaka 1923, hupokea vijana wa kujitolea waliotimiza miaka 18; lakini anayependekezwa ni yule ambaye viongozi wamemwona akilala kwenye baridi na kuamka akiteka maji bila kunung'unika. Mpeleke kwanza Rowallan. Mpeleke Nyeri tarehe 22 Februari, maskauti wanapokwenda kwenye kaburi la Baden-Powell, lile lenye alama ya duara na nukta katikati, akutane huko na wenzake wa kaunti nyingine na hata wa nchi nyingine. Na cheti cha kuzaliwa ukitafute leo, kabla hata ya kununua skafu. Mtoto hafai kulipia uzembe wa watu wazima, na sisi watu wazima tuache kukalia fomu za watoto.

Kuhusu hofu, uliza maswali yanayojibika: nani atalala karibu na mahema ya wasichana, na je, kuna kiongozi wa kike, maji ya kunywa yanatoka wapi, nani anashika dawa. Kiongozi akikasirika kwa kuulizwa hivyo, usimpe mtoto wako. Hali ya hewa haina mwenyewe: mwaka 2023, Jamborii ya Korea Kusini ilikumbwa na joto kali, kisha kimbunga, hata vijana wakahamishwa kambini kabla ya siku zao kwisha. Kwa Nairobi mfungie blanketi mbili, sweta nzito, soksi za sufu na tochi, na nguo za kulalia zikae ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa.

Jana usiku mama wa Nakuru aliniandikia tena. Cheti cha binti yake kimepatikana ndani ya Biblia ya bibi yake, herufi moja ya jina imekosewa, na Jumatatu wanakwenda kuirekebisha.