Usiwaingize bandani usiku huo: jenga chumba cha pili kabla hujanunua kuku wapya

Dada wa Nkuhungu, usiende mnadani Jumamosi. Nimesoma swali lako mara mbili, na kila nikifika pale ulipoandika kwamba muuzaji amekuambia uwaweke bandani usiku, eti wakubwa wakiamka asubuhi watadhani ni wenzao, moyo unanienda mbio. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi. Una mitetea 14 wanaotaga vizuri, unataka kuwaongezea machotara (mchanganyiko wa kienyeji na wa kisasa) 20 wa miezi miwili kutoka mnadani, unauliza usiku au mchana, chakula gani, jogoo atawafanyaje na vichanja viwe na urefu gani. Lakini hujauliza lile linaloweza kukumalizia kuku, na ndilo nitakalolijibu.

Kuku mgeni hakanyagi banda la wenyeji mpaka amekaa peke yake mwezi mzima. Chumba chake, chombo chake cha maji, ndoo yake, hata kandambili za kuingilia kwake ziwe nyingine. Kama huna chumba cha pili, muda wako wa kununua kuku bado.

Naomba nieleze yaliyotupata. Sisi tuko Mkonze, hapa hapa Dodoma. Tulikuwa na mitetea wa kienyeji, wengine tuliwaleta kutoka Singida, kundi ambalo tulilikuza taratibu kutoka kwa vifaranga tulivyoangulisha wenyewe. Tukataka kuongeza machotara, tukampata mtu anayeangua na kuuza. Alikuwa na jibu kwa kila swali. Chanjo? Wameshamaliza zote. Kumbukumbu ya tarehe? Haina haja, yeye ni mzoefu. Tuwachanganyeje? Usiku. Basi tukawatoa kwenye tenga saa tatu usiku kwa mwanga wa tochi ya simu, tukawapanga kichanjani mmoja mmoja katikati ya wakubwa, kimya, tukaenda kulala.

Kulipokucha tulisikia kelele kabla hatujafungua mlango. Hiyo habari ya kuku kudhani ni wenzao haipo. Kuku anamjua mwenzake kwa sura: anatazama kichwa, anatazama upanga mwekundu wa juu yake, na ndani ya kundi kila mmoja anajua anampisha nani na anapishwa na nani kwenye chakula na mahali pa kulala. Mgeni hana nafasi kwenye mpangilio huo, kwa hiyo anadonolewa mpaka aipate. Akiwa uani anakimbia, mambo yanaisha. Akiwa ndani ya banda lililofungwa, alfajiri, atakimbilia wapi? Mmoja tulimkuta amejibana nyuma ya kiota, ngozi ya kichwa imechunika. Na damu ikishaonekana, hata mtetea mpole kuliko wote anakuja kudonoa hapo hapo. Tulimtenga, tukampaka GV, ile dawa ya maji ya zambarau, ambayo mbali na kusafisha kidonda inaficha ule wekundu unaowaita wengine. Akapona.

Ugomvi, dada, ni jambo dogo. Ungekuwa ugomvi tu nisingeandika haya yote.

Siku chache baadaye mtetea wetu mkubwa alisusa kula. Akasimama kivulini mabawa yameshuka, macho nusu. Kesho yake kinyesi cha kijani sakafuni, na wengine wawili wakihema kwa mdomo wazi. Kisha zikaanza shingo: kuku anapindisha kichwa mpaka kinatazama mgongoni, anazunguka, anaanguka, anajaribu kusimama. Kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle. Mayai yalikatika ghafla. Kila asubuhi tulikuwa tunafukia. Na wale wageni? Wazima kabisa, wanakula, wanaparura.

Nikampigia muuzaji. Akasema unaona, kuku wangu ni wazima, kwa hiyo ugonjwa ni wa kwako. Halafu akaniambia ni joto la Dodoma, niwape maji ya mshubiri na pilipili. Tukawapa. Mwenye duka moja la dawa akatuuzia antibayotiki, akatuhakikishia itafanya kazi. Kideri kinaletwa na virusi, na antibayotiki haiviui virusi. Hakuna dawa ya kukitibu kideri, ipo chanjo tu, inayotangulia ugonjwa. Mtu wa duka la mifugo hawezi kuwa halijui hilo. Alichukua hela yetu akijua, na hilo bado linaniuma.

Kinachoniuma zaidi ni jirani yetu, mama mtu mzima, ambaye kuku wake ndiyo ilikuwa akiba yake. Shida ikija, anauza jogoo. Kuku wake walikuwa wakipenya kwenye uzio wetu kuparura mbolea. Waliisha wote. Hakununua kwa muuzaji yule na wala hakuulizwa kama anakubali kuku wapya waje mtaani.

Afisa mifugo wa kata ndiye aliyetueleza, na sehemu hii naomba uisome polepole. Chanjo inamkinga kuku asiugue, lakini haimzuii kabisa asiambukizwe virusi na kuvitoa kwa kinyesi na pumzi. Wale machotara pengine walichanjwa kweli, wakapita kwenye uambukizo huko walikotoka bila kuonyesha chochote. Wetu chanjo yao ilikuwa imepitwa na muda. Kwa hiyo mbebaji alibaki mzima na mwenyeji akafa. Watu wengi wanamkagua kuku mgeni, wanaona macho maangavu na manyoya yanang'aa, wanasema huyu hana kitu. Uzima wa mgeni haukuambii chochote kuhusu anachobeba. Na kuku wa mnadani ndiye wa kutiliwa shaka zaidi, maana ametoka kaya moja, akakaa tenga moja na kuku wa kaya nyingine tano, amekunywa maji yao, amebanwa, amechoka.

Kwa nini mwezi, si wiki moja? Kideri kinaweza kujificha kuanzia siku 2 hadi 15 tangu kuku aambukizwe, mara nyingi siku 5 au 6. Wiki moja inakudanganya. Halafu kuna mafua ya kuku, yale ya uso kuvimba na makamasi yenye harufu, ambayo kuku anapona lakini anabaki nayo mwilini na kuwaambukiza wengine. Kuna wadudu pia. Huku kwetu penye mchanga na ukavu viroboto vinaganda pembeni ya macho na kwenye upanga kama punje nyeusi, na papasi wanajificha mchana kwenye nyufa za ukuta, usiku wanatoka kunyonya. Ukishawaingiza papasi kwenye banda la miti na udongo, kuwatoa ni kazi ya msimu mzima.

Chumba chenyewe hakihitaji fundi. Nguzo nne, mabati chakavu juu, wavu wa kuku pembeni, turubai upande wa upepo. Kiweke mbali na banda la zamani kadiri kiwanja kinavyoruhusu, mita 10 au zaidi. Upepo wetu Dodoma mara nyingi unatoka mashariki, kwa hiyo wageni wakae magharibi ya wenyeji, vumbi lao lisipeperukie kwa wakubwa. Kila siku anza kuwahudumia wenyeji, wageni wawe wa mwisho, kisha nawa mikono kwa sabuni na vua zile kandambili hapo hapo. Watoto waambiwe pia. Kwetu mtoto ndiye anayebeba kopo la maji kutoka banda hili kwenda lile bila mtu kumwona.

Wakiwa humo, wakamate mmoja mmoja usiku, wakiwa wametulia. Tazama chini ya mabawa na kuzunguka njia ya haja kama kuna chawa, tazama macho, nusa pua. Tazama kinyesi asubuhi kabla hujafagia. Na chanjo ya kideri wapate wote, wageni na wenyeji, hata kama umeambiwa wameshapata. Ile ya tone la jicho, I-2, inatengenezwa hapa nchini na TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, kule Kibaha, inastahimili joto kuliko chanjo nyingi za kideri, ingawa nayo isiachwe juani. Tone moja kwenye jicho moja, kisha unarudia kila baada ya miezi 3. Chupa moja ina dozi za kuku wengi kuliko wako na ikishafunguliwa inatakiwa itumike mapema, kwa hiyo changeni na majirani, mchanje siku moja mtaa mzima. Sisi tunafanya hivyo sasa, na yule mama jirani ndiye anayeshika daftari la tarehe. Baada ya tone usiwe na haraka, kinga inahitaji kama wiki 2 kujijenga.

Mwisho wa mwezi, kama wote ni wazima, kuna hatua ambayo hakuna muuzaji atakayekuambia. Chukua mtetea mmoja wa zamani, yule ambaye hatagi sana, umpeleke akaishi na wageni kwa wiki nzima au mbili. Akibaki mzima, una sababu ya kuendelea. Akiugua, umepoteza mmoja badala ya 14. Najua inasikitisha kumchagua. Mchague hivyo hivyo.

Na usidhani hatari inatoka kwa wageni peke yao. Wakubwa wako wamezoea koksidia, vijidudu vya utumbo waliomo kwenye takataka za banda, wanawatoa kwa kinyesi bila kuumwa. Machotara waliolelewa kwenye sakafu safi wakiingia hapo wanaanza kuharisha damu. Kabla ya kuwachanganya toa takataka zote za zamani, weka maranda makavu, usiruhusu unyevu chini ya chombo cha maji. Ukiona damu, dawa ya amprolium kwenye maji inasaidia ikiwahi, na hapo mwite afisa mifugo akuelekeze kipimo.

Kuchanganya kwenyewe sasa kunakuwa rahisi. Sogeza wageni jirani na wakubwa, wavu katikati, waonane na kusikiana wiki moja au mbili bila kugusana. Kisha wafungulie wote pamoja uani, alasiri, si ndani ya banda, ukiwa na muda wa kukaa na kutazama. Vyombo vya chakula viwe viwili au vitatu, mbalimbali, na maji vilevile, ili mtetea mmoja mkali asivizuie vyote. Acha upenyo chini ya wavu ambao mdogo anapita na mkubwa hapiti. Watadonoana kidogo, hiyo ni kawaida, usiingilie mpaka uone damu au mmoja anazuiwa kula kabisa. Na kama wageni bado ni wadogo sana kwa umbo, subiri tena. Miezi miwili kwa chotara aliyelishwa vibaya ni kifaranga bado.

Kwenye chakula nitasema moja tu. Usiwape wote chakula cha kutagia kwa sababu ya urahisi. Kina chokaa nyingi kwa ajili ya maganda ya mayai, na figo za kuku ambaye hajaanza kutaga zinaumia. Wape wote chakula cha kukuzia, weka chokaa au maganda ya konokono yaliyopondwa kwenye kisahani pembeni, wanaotaga watajichukulia wenyewe. Mashudu ya alizeti hapa hayakosekani, yatumie kuongeza protini.

Sasa mpigie huyo muuzaji leo, mwambie Jumamosi huendi. Muulize walichanjwa nini na tarehe gani, na kama anakubali uje uone banda analowatolea kabla ya mnada. Akianza kukuzungusha, tafuta mwingine, machotara hawakosekani Dodoma. Halafu pima hiyo kona ya magharibi ya kiwanja chako uniandikie hapa ina mita ngapi mpaka kwenye banda la mitetea, na majirani wanaopakana nawe wana kuku au hawana. Nitakuchorea.