Mchoro wa vitone wa pwani na mvua: kwa nini nakala yako imefubaa

Dada, umeuliza kwa nini nakala yako ya mchoro wa vitone, uliyoichapisha, imekuwa kama maji ya tope. Wachoraji Wafaransa Seurat na Signac walipanga vitone vya rangi safi kandokando ili jicho lizichanganye kwa mbali. Faili dogo la picha likikuzwa, printa huzichanganya mapema, na kijivu cha mvua, ambacho ukisogea karibu ni buluu, waridi na chungwa, hubaki jivu tupu.

Kwa nakala ya sentimita 60 kwa 90 tafuta faili la pikseli 3,600 kwa 5,400 hivi, karatasi isiyong'aa. Itundike mita 2 hadi 3 kutoka kwenye kochi, isitazamane na dirisha. Taa ya njano huua buluu. Weka ya kelvini 4,000, yaani nyeupe ya wastani. Ukuta ukiwa na unyevu, bandika vipande vya kizibo nyuma ya fremu, hewa ipite.