Ulichanjwa na Bado Ukaugua? Kinga Yako Ilikuwa Kazini

Juzi msomaji kaniandikia: "Dada, nilichanjwa na Korona ikanipata vilevile. Hizo kingamwili zilikuwa wapi?" Kingamwili ni protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi.

Swali hili nimeshaulizwa, tena kwa kejeli, mbele ya mama yangu. Mama ana kisukari na presha. Rais Samia alipochanjwa hadharani, Julai 28, 2021, nilimwambia mama twende. Baba mdogo akanijia juu, eti nataka kumuua shemeji yake. Neno lile bado linaniuma. Tulikwenda, mama akapata chanjo ya Johnson & Johnson, dozi moja.

Desemba Omikroni, aina mpya ya virusi vya Korona, ikaingia nyumbani. Mama akabanwa na mafua, homa ikamshika usiku, koo likamkauka hata chai ya tangawizi ikawa inamwasha. Ila pumzi haikumpungukia hata kidogo. Baba mdogo akasema, "Si niliwaambia?"

Alituambia nini? Virusi vya Korona vina miiba, na kwa miiba hiyo hujishikiza kwenye seli zetu ili viingie. Kingamwili huing'ang'ania miiba hiyo kabla haijashika seli. Omikroni ilikuja na mabadiliko zaidi ya 30 kwenye mwiba, kwa hiyo kingamwili nyingi za zamani ziliteleza. Halafu sindano ya begani hujaza kingamwili kwenye damu, na damu hufika mapafuni. Puani hufika chache. Ndiyo maana mtu hupata mafua na mapafu yakasalimika. Kingamwili zikipungua baada ya miezi, chembe za kumbukumbu, yaani chembe za kinga zinazovikumbuka virusi, hubaki, na virusi vikirudi hutengeneza nyingine ndani ya siku chache, huku chembe T, aina ya chembe nyeupe za damu, zikiua seli zilizokwisha kuvamiwa. Naamini hivyo ndivyo mama alivyopona, na najivunia kumpeleka.

Basi ndugu zangu, wapelekeni wazee. Mwenye kisukari, mwenye presha, aliyepita miaka sitini, mpelekeni, na mkaulize huko kuhusu dozi ya nyongeza. Nyungu hufungua pua tu, haitengenezi kingamwili. Wewe uliyeugua 2020 na kujiona umemaliza, kinga yako ilijifunza mwiba wa 2020. Mjamzito naye azungumze na mkunga wake mapema, kwa sababu kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma na mtoto huzaliwa nazo. Na ndugu akikupigia kelele, mwache apige, wewe mshike mzee mkono mwende.