Brauza haitakwambia umekosea: kwa mnaosimamisha seva ya jenomu kwa mara ya kwanza

Wadogo zangu, kila kundi jipya likija napokea ujumbe ule ule: "Seva imewaka, traki zinaonekana, tuwape watu kiungo?" Nafurahi pamoja nanyi, kweli kabisa. Kisha nafungua jeni moja, nasogea karibu hadi herufi za besi (A, C, G na T za DNA) zionekane, na mara nyingi furaha inaishia hapo. Brauza ya jenomu, yaani programu ya kuonyesha mfuatano wa DNA pamoja na traki (safu za data zinazochorwa juu yake), ni tiifu kupita kiasi. Ukiipa faili yenye makosa itaichora kwa rangi nzuri bila kunung'unika. Traki kuonekana hakuthibitishi kwamba traki ni sahihi. Haya nimeyasema mara nyingi kwa mdomo, sasa nayaandika.

1. Anzeni na kidogo. Seva ya kweli si lazima iwe nakala nzima ya brauza ya UCSC (Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz). Nakala hiyo inataka MariaDB, Apache, programu za CGI na diski za terabaiti kadhaa, halafu inataka mtu wa kuilea. Kama mna spishi moja na traki chache, JBrowse 2 inawatosha: ni faili tuli tu juu ya seva ya wavuti, hakuna hifadhidata ya kuamka nayo usiku. Anayetaka sura ya UCSC kwenye kompyuta yake achukue Genome Browser in a Box. Inakaa ndani ya VirtualBox na kuvuta data za wote kutoka UCSC zinapohitajika, huku faili zenu zikibaki kwenu. Hub ya traki, yaani kuweka faili zenu mtandaoni na kuipa brauza ya UCSC anwani yake, ni rahisi kuliko zote, ila hapo seva za UCSC ndizo zinazokuja kusoma faili zenu, kwa hiyo data za wagonjwa msizipeleke huko. Na mlio kwenye kampuni, someni leseni kabla ya kusakinisha. Programu za UCSC ni bure kwa elimu na kazi zisizo za biashara.

2. Toleo la jenomu liandikwe ndani ya jina la faili. Kwa binadamu, hg19 ni GRCh37 ya 2009, hg38 ni GRCh38 ya 2013, na anotesheni (orodha ya jeni ziko wapi) ya moja ikiwekwa juu ya nyingine inaangukia mahali pasipo pake bila kelele yoyote. Traki ikiwa tupu na hakuna ujumbe wa kosa, angalieni kwanza kama faili inasema "1" na jenomu inasema "chr1". Lakini msikimbilie kubadilisha majina kwa mkupuo. Mfuatano wa chrM (DNA ya mitokondria) uliokuja na hg19 ya UCSC una besi 16,571, ilhali MT ya rCRS, mfuatano rejea wa mitokondria, ina 16,569. Ukiibatiza moja jina la nyingine, jina litakubali na besi zitakataa.

3. Koordineti. Hapa mnivumilie.

BED na GFF3 ni miundo miwili ya faili za kuorodhesha sehemu za jenomu. BED inahesabu kuanzia 0 na haijumuishi nafasi ya mwisho. GFF3 inahesabu kuanzia 1 na inajumuisha pande zote mbili. Eksoni (kipande cha jeni kinachobaki kwenye RNA; vinavyokatwa huitwa introni) iliyoandikwa 1000 hadi 2000 kwenye GFF3 inakuwa 999 hadi 2000 kwenye BED: mwanzo unapungua moja, mwisho haubadiliki. Kila mtu huniambia analijua hili. Kisha anaandika mistari mitatu ya skripti ya awk usiku akiwa amechoka, na ile kutoa moja inasahaulika.

Kundi moja nililokuwa nikilisaidia lilipatwa na jambo hili hili, na linaniuma hadi leo kwa sababu walikagua. Kijana aliyeshika kazi, mtu makini, alifungua jeni aliyoizoea, akasogea hadi kwenye kodoni ya kuanzia (herufi tatu zinazoanzisha protini), akaikuta ATG imekaa mahali pake. Akaridhika, na nani asingeridhika? Ila jeni ile ilikuwa kwenye uzi hasi, ule wa pili wa DNA, unaosomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kwenye uzi hasi jeni inaanzia kulia, yaani kwenye ile koordineti ya mwisho ambayo haibadiliki kati ya GFF3 na BED. Besi iliyopotea ilikuwa kushoto, kwenye kodoni ya kukomea, ambako hakutazama. Angefungua jeni yoyote ya uzi chanya angeona CDS (sehemu inayotafsiriwa kuwa protini) inaanza na TG, na A imeachwa nje ya mlango.

Kiungo kikagawiwa. Watu wakapakua traki na kuitumia kutafsiri varianti zao (tofauti za DNA zilizoorodheshwa kwenye faili za VCF). Kila eksoni ilikuwa imekatwa besi moja upande wa kushoto, fremu ya kusoma (mpangilio wa herufi tatu tatu) ikavurugika, na varianti zilizokaa kwenye besi ya kwanza ya eksoni zikahesabiwa kuwa ziko ndani ya introni. Aliyegundua ni mwanafunzi aliyeshangaa kwamba introni za uzi chanya, ambazo kwa kawaida huishia na AG, kwenye seva hii zinaishia AGG, AGA, AGT: kila mara AG halafu herufi moja ya ziada. Aliuliza kwa woga, akidhani haelewi yeye. Jamani, mwenye swali kama hilo asiogope kuuliza!

Faili yenyewe ilirekebishwa kwa muda mfupi. Kazi ngumu ilikuwa kuwatafuta waliokwisha kuipakua, maana faili haikuwa na nambari ya toleo wala hakuna aliyeweka orodha. Wengine walikuwa wameshahama. Sura nzima ya tasnifu ya mtu ilibidi ihesabiwe upya.

Kwa hiyo, kabla ya kugawa kiungo: jeni mbili, moja ya kila uzi, mtazame mwanzo na mwisho wa kila moja, na introni moja pande zote mbili. Tarehe na toleo viwe ndani ya jina la faili.

4. Seva ya wavuti lazima ijue kutoa kipande cha faili. Jaribuni curl -r 0-99 kwenye faili ya bigBed (BED ya kibaineri yenye faharasa): jibu liwe 206 (kipande tu), si 200 (faili nzima). Faili zikikaa kwenye kikoa kingine, wekeni CORS, ruhusa ya ukurasa wa kikoa kimoja kusoma faili za kingine. Tumieni bgzip, inayobana faili vipande vipande, si gzip ya kawaida. Faili ikibadilika, faharasa ijengwe upya. Wa ngano na wenzenu wenye kromosomu ndefu kuliko besi 536,870,912, faharasa za .tbi na .bai hazitoshi, nendeni na .csi.

5. Kiungo kirefu kisichoweza kukisiwa si kufuli. Kinanakiliwa kwenye barua pepe, kinabaki kwenye kumbukumbu za seva, kinapigwa picha kwenye slaidi. Wekeni nenosiri na HTTPS, na zimeni orodha ya saraka. Kisha fungueni kichwa cha kila BAM (faili ya vipande vya DNA vya sampuli vilivyopangwa juu ya jenomu) kwa samtools view -H na mkisome kwa macho yenu: kwenye @RG, sehemu ya SM (jina la sampuli), nimekuta majina halisi ya wagonjwa, na kwenye mistari ya @PG njia nzima za saraka zenye jina la wodi. Msiseme "tumeweka muhtasari tu wa marudio ya aleli", yaani kila toleo la besi linatokea mara ngapi kwenye kundi. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba hata muhtasari kama huo unaweza kufichua kama mtu fulani yumo kwenye kundi lililochunguzwa, na NIH, taasisi ya utafiti wa afya ya Marekani, ikaondoa data za namna hiyo mahali zilipokuwa wazi kwa wote. Wale watu walitoa damu yao wakatuamini.

Nenosiri moja la maabara nzima pia halifai. Kila mtu awe na akaunti yake, na anayeondoka kwenye mradi ifungwe siku hiyo hiyo, hata kama ni rafiki yenu na ameomba abaki nayo kidogo amalizie jedwali.