Kuchagua mpiga picha za kuhitimu sekondari Marekani

Dada yangu, nimekuelewa: binti yako anaingia darasa la 12 huko Minneapolis, studio yenye mkataba na shule imewatumia bei za kutisha, na kijana wa kanisani kwenu yuko tayari kumpiga picha kwa nafuu. Kwanza iulize shule kama picha ya kitabu cha mwaka, yaani kile cha kumbukumbu chenye picha za wanafunzi, ni lazima ipigwe na studio hiyo, na mwisho wa kuiwasilisha ni lini, kwani shule nyingi huweka sharti hilo, ingawa kupigwa picha hiyo si sawa na kulazimika kununua kifurushi kizima cha picha.

Huyo kijana mwombe akuonyeshe kazi yote aliyomfanyia mteja mmoja, si picha 3 bora tu, na uzitazame hasa nyuso za watu weusi. Binti yangu aliletewa picha ambazo gauni jeupe linang'aa huku uso umezama gizani, macho hayaonekani, kwa kuwa kamera ilipangwa kwa kupima mwanga wa gauni, si wa uso. Andikianeni idadi ya picha, tarehe ya kuzipokea na ruhusa ya kuzichapisha, maana kwa sheria ya Marekani hakimiliki kwa kawaida hubaki kwa mpiga picha. Akidai malipo yote kabla ya maandishi, mwache. Siku ya kupiga, fuatana na binti.