Nyumba ya zamani karibu na Ludlow: kabla ya yote, gonga ukuta

Mkuu, nimeiona picha uliyoweka. Kijumba cha karne ya 17, mawe chini, mbao nyeusi na kuta nyeupe juu, maili nne kutoka Ludlow, pauni 285,000, nawe unauliza kama ni bahati au mtego. Huu ni mwaka wangu wa tisa Shropshire, huku Uingereza, na nyumba ninayokaa ni ya aina hiyohiyo, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonikuta. (Ingekuwa rahisi kuiita nyumba ndogo, lakini mke wangu anasoma uzi huu.)

Mji wenyewe sina neno nao. Ngome ya Wanormani iko juu ya mto Teme, soko liko mbele ya lango lake, na karibu majengo 500 ya pale yamo kwenye orodha ya urithi, yaani yanalindwa kisheria. Ukienda siku ya soko utasahau kilichokupeleka. Ila kumbuka dalali wa huku analipwa na muuzaji. Akikuandikia "imejaa haiba", ujue boriti ziko chini. Mwezi wa kwanza mimi nilikuwa na manundu mawili, na si mrefu kiasi hicho.

Kilichonitoa jasho ni ukuta. Tulihamia mwezi wa Juni, nyumba kavu, inanukia nta ya mbao. Ilipofika Novemba, nyuma ya kabati la nguo kukaota ukungu mweusi, rangi ikaanza kuvimba na kumwaga unga wa chumvi sakafuni. Nikaita kampuni ya kutibu unyevu. Jamaa akaja na kimashine, akakichomeka ukutani, kikalia, akaniambia itobolewe mashimo chini ya ukuta mzima na kupigwa dawa. Nikalipa. Majira ya baridi yaliyofuata ukungu ulirudi na ndugu zake.

Siku moja nikamwonyesha mjomba wangu kwa video ya simu. Yeye ni fundi mwashi Zanzibar, amezikarabati nyumba za Mji Mkongwe maisha yake yote. Hata hakuangalia ukungu. Akaniuliza, "Nje wamepiga nini hapo?" Nikamwambia saruji, tena imenyooka vizuri. Akacheka. "Mwanangu, hiyo nyumba wameiziba pumzi. Huku kwetu maradhi ni hayohayo."

Na kweli ni hayohayo. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa za kwetu, na hizi za mawe, mbao na udongo za huku, zote zilijengwa zinywe maji kidogo mvua ikinyesha, kisha ziyatoe jua na upepo vikija. Chokaa inapitisha mvuke. Saruji haipitishi vya kutosha, halafu ni ngumu: nyumba ikijinyoosha, saruji inapasuka nyufa nyembamba, maji yanaingia na hayapati pa kutokea. Tulipobandua ripu ile ya nje, kwa kibali cha halmashauri, ncha ya boriti moja ya mwaloni ilimeguka mkononi mwangu kama andazi lililolowa chai. Mti uliokaa zaidi ya miaka 300, ukaozeshwa na ripu ya juzijuzi.

Fundi wa chokaa hakupatikana upesi, na alipopatikana akakataa kuanza hadi majira ya kuchipua, maana chokaa mbichi ikipigwa na baridi ya kuganda inabomoka. Kisha ukuta ulichukua zaidi ya mwaka kukauka. Ukipanga bajeti, panga na subira.

Sasa turudi kwenye picha yako. Madirisha yale ya mbele naona ni ya plastiki. Nyumba za kabla ya 1700 ambazo hazijabadilishwa sana karibu zote zimeorodheshwa. Orodha ya Historic England, taasisi ya urithi ya huku, iko wazi kwenye intaneti, itafute leo. Ikiwa imo, mwambie wakili wako adai kibali cha madirisha hayo kwa maandishi. Kwa sheria ya 1990, kubadilisha nyumba iliyoorodheshwa bila kibali ni jinai. Jinai ni ya aliyefanya, lakini halmashauri inaweza kukuamuru wewe mwenye nyumba wa sasa uyang'oe na kurudisha ya mbao, kwa pesa yako.

Swali la pili ni maji ya chooni yanaishia wapi. Vijijini wengi hatuna bomba la maji taka. Tangi la septiki linalomwaga moja kwa moja kwenye mto au mtaro haliruhusiwi tena tangu 2020, na kulibadilisha si pesa ya mboga.

Ukaguzi usichukue ule mfupi wa benki, huo ni wa kulinda mkopo wao. Lipia ule mrefu, wanauita daraja la 3, na utafute mkaguzi aliyezoea majengo ya zamani. Wangu alikuwa wa nyumba mpya. Aliandika "ripu iko katika hali nzuri".

Wewe mwenyewe nenda siku ya mvua. Gonga ukuta wa nje kwa vidole: ukisikia mlio wa utupu, ripu imeachana na ukuta. Ndani sogeza kabati, nusa nyuma yake. Na ukikuta wameikoleza manukato nyumba nzima, fungua madirisha, kaa nusu saa, kisha nusa tena.